Mkanda Usio na Pacha

Mke wa fundi ngozi alilala chali kwenye kitanda cha zahanati, mkanda wake mpana umetundikwa kwenye kiti. Paja lake la kulia liliwaka upande wa nje kama limepigwa pasi. Daktari wa viungo, mama asiyependa maneno mengi, alimwinua mguu ukiwa umenyooka. Hakuna kitu. Akamlaza kifudifudi, akamkunja goti mpaka kisigino kikakaribia kalio. Hakuna kitu. Akamrudisha chali, akamgonga kwa ncha ya kidole karibu na kinena, kando ya mfupa wa nyonga.

Mke wa fundi aliuma meno. Aliyelia ni mwanamke wa kwenye benchi, nje ya pazia.

Daktari akagonga tena. Yule wa nje akalia tena.

"Ingia na wewe," daktari aliita. "Mna mshipa mmoja wa fahamu. Mtanipunguzia kazi."

Mwanamke aliingia akichechemea. Kiunoni alikuwa na mkanda uleule: ngozi ile, mshono ule, bizimu ile ya shaba. Mke wa fundi hakuhitaji kuambiwa. Kwamba mumewe ana nyumba ndogo, alikuwa ameshanusa. Kilichomchoma ni kwamba mwenzake alifunga matundu mawili ndani zaidi.

"Amekupa lini?"

"Sikumbuki, dada. Aliniambia hauna pacha."

"Na mimi aliniambia hivyo hivyo."

Daktari alikuwa ananawa mikono. "Mkanda ndio unaobana mshipa. Acheni kuuvaa wote. Akibaki nao mmoja, mtaumwa wote wawili."

Wakatazamana.

"Anza wewe, dada. Wewe ndiye mkubwa."

"Mimi ndiye wa ndoa. Anza wewe."

Hakuna aliyeanza. Mke wa fundi alichukua wake kwenye kiti, akavuta pumzi, akaufunga matundu mawili ndani. Wote wawili wakashika paja. Daktari akaita mgonjwa mwingine.

Jioni, mke wa fundi akikunja nguo nyumbani, paja lake liliwaka ghafla. Akajua mwenzake amekaza. Akaenda kwenye meza ya mumewe kuchukua chuma cha kutobolea, maana kwenye mkanda wake matundu yalikuwa yamekwisha.

"Unakupendeza kweli," mumewe alisema, akamshikia mkanda ili tundu jipya litoke sawa.