Jina Alilobatizwa Mama Baridi

Kwenye chumba cha pasi, kabla shuka halijaguswa, mpigaji hulowesha kidole kwa ulimi na kukigusisha kitako cha pasi. Ikilia kwa mkato, iko tayari. Ikivuta mlio, bado. Mama Baridi alikuwa akifanya hivyo tangu wanawe pacha wakiwa mgongoni. Jina hilo alibandikwa na wenzake, kwa kuwa hakuwahi kupandisha sauti, na viganja vyake vilikuwa vya baridi hata mchana wa jua kali na pasi zote zimewaka.

Pacha walikua wakaajiriwa hapohapo kwenye kiwanda cha kufulia, wakawekwa shimoni chini ya chumba cha pasi, kulikokuwa na boila ya kuchemshia maji. Ukuta wa shimo ulikuwa na ufa. Walimwambia meneja, naye akajibu kwamba ufa huo haujaanza leo. Jumatatu moja asubuhi ukuta ulianguka ukawafunika. Meneja alisema kuchimba kungeangusha jengo zima, na mashuka ya hoteli hayangojei mtu. Kufikia Alhamisi shimo lilikuwa limejazwa zege mpaka usawa wa sakafu ya chumba cha pasi na kusawazishwa vizuri, na boila mpya imesimamishwa uani. Pacha waliombewa kanisani bila majeneza.

Ijumaa Mama Baridi aliripoti kazini kama kawaida. Alipita meza yake, akaweka kigoda juu ya zege, akaketi. Hakupiga kelele. Alisema anataka wanawe watolewe awazike, halafu atarudi kwenye meza.

Meneja alikuja mwenyewe. Alikuwa mtu wa pole nyingi, na zote alizitoa siku hiyo.

“Mama, tunaelewa uchungu wako,” akasema. “Lakini maji yakimwagika hayazoleki.”

“Hamkumwaga maji,” Mama Baridi akajibu. “Mmemwaga zege. Zege linavunjwa.”

Meneja alikumbuka kuna simu anaisubiri, akaondoka.

Kigoda kiliungua wiki ya pili. Hakikuwaka moto, kilianza tu kunuka, miguu ikawa myeusi, kikakatika. Akaletewa kingine, nacho hakikumaliza mwezi. Fundi wa boila aliitwa. Alilowesha kidole akagusa zege, likalia kwa mkato. Akagusa bega la Mama Baridi, nalo likalia vilevile. Alisema zege halina kosa, joto linatoka kwa mama, kisha akarudi uani kumalizia chai yake kabla haijapoa.

Wapigaji pasi walianza kupanga pasi zao kumzunguka, maana umeme ulikuwa na tabia ya kukatika. Waliomba kwanza, na akawakubalia, kwa kuwa wao hawakumwaga kitu. Meneja alipoloweshwa na tope njiani, aliviweka viatu vyake hapo bila kuomba. Alipovirudia vilikuwa vimesinyaa vikawatosha watoto wa chekechea, akarudi nyumbani na kandambili za mlinzi.

Mchungaji alikuja kumtazama. Alisimama mbali kidogo, kitambaa mkononi, jasho likimtoka, akamuuliza jina lake la ubatizo. Mama Baridi alisema ni Rispa. Baba yake alilisikia likisomwa kanisani, akalipenda kwa kuwa hakuna mwingine mtaani aliyekuwa nalo. Mpaka anakufa, mzee alidhani ni jina la ua.

“Si ua,” mchungaji akasema. “Kwa Kiebrania ni kaa la moto.”

“Ndiyo maana,” akasema Mama Baridi, akajisogeza kidogo ili pasi ya mwenzake ipate nafasi.

Mchungaji alimsimulia yaliyobaki. Rispa wa kwanza, yule wa kwenye Biblia, alikuwa na wana wawili. Walitolewa wauawe kwa kosa ambalo si lao, miili ikaachwa mlimani. Mama yao alitandika gunia juu ya mwamba, akaketi tangu mwanzo wa mavuno, akifukuza ndege mchana na wanyama usiku. Alikaa hivyo mpaka mvua ikawanyeshea. Hapo mfalme akapata habari zake, na mifupa ikakusanywa ikazikwa.

“Kwa hiyo mvua kwanza, halafu mfalme,” akasema Mama Baridi.

“Ndivyo ilivyoandikwa.”

“Basi nipo.”

Meneja aliposikia habari za jina alifurahi sana. Kama ni jina, alisema, basi si suala la usalama kazini. Aliagiza kamba zifungwe juu ya zege na mashuka yaanikwe hapo, na boila izimwe siku za kazi nyepesi. Uchungu wa mwana aujua mzazi. Meneja aliujua kama joto, na joto lilimfaa.

Mvua ilinyesha kiangazi, jua likiwa limewaka nje. Ilianzia chini ya dari, dari yenyewe kavu, ikaangukia zege peke yake, na mashuka yaliyokuwa yameanikwa. Haikuzidi kingo hata kidogo. Mvuke ulijaa chumbani, na wapigaji pasi wakafungua madirisha ili waone wanachopiga. Mama Baridi aliinua uso ukaloa. Alilia kwa mara ya kwanza, kwa sauti, akiwaita wanawe mmoja mmoja kwa majina ya nyumbani. Wenzake walizima pasi na kusimama, mpaka alipomaliza.

Kisha alitazama mlangoni. Alitazama mpaka mpigaji wa meza ya jirani, aliyekuwa ametumwa ofisini kumpa meneja habari, aliporudi.

“Amesikia?” Mama Baridi akauliza.

“Amesikia, dada.”

“Amesemaje?”

Mwenzake alisogea kando kupisha mlango. Nyuma yake waliingia vibarua wamebeba ndoo za bati, wakazipanga juu ya zege kwa mistari. Meneja alikuwa ameagiza maji hayo ya mvua yakingwe, kwa kuwa ni ya moto tayari na yanafaa kwa ufuaji wa kwanza.

Kigoda cha tatu kilikuwa kimekatika asubuhi hiyo. Mama Baridi alichukua ndoo iliyokuwa karibu, akayamwaga maji yaliyokwisha kuingia, akaipindua, akaikalia. Ilikuwa ya bati. Haikuungua.