Matabishi

...basi atasema remise, neno ni neno tu, halivunji mfupa, atasema remise na yaishe, Profesa Barthélemy ataridhika huko mjini kwenye kiti chake, wenzake wa jury ya mtihani watatikisa vichwa, na yeye Kavuo atateremka kwenye kisiki hiki akiwa na licence, shahada yake ya biashara, miaka yote hii ya kusomea kwenye simu na kilichobaki kati yake na hiyo licence ni neno moja, nani anakataa mzigo uliokwisha kufika mlangoni, kwa hiyo simama vizuri, Kavuo, usitikisike, mguu mmoja kisikini na mwingine hewani, maana katika Ntoto yote réseau, mtandao wa simu, imechagua kukaa hapa tu, nyuma ya ghala la parokia, juu ya kisiki cha mti ulioangushwa na radi, ukisogeza unyayo inanuna na kwenda zake, na ikienda leo, katikati ya mtihani wa mwisho wa mdomo, nani atakayeirudisha... "Ungoje kidogo, Mama, usikate," Profesa amemwambia, "tunaongea siye kwa siye hapa, weye fikiria tu ile neno," na sasa wanaongea wao kwa wao na sauti zinamfikia vipande vipande, kikohozi, kiti kinaburutwa, "...travail iko muzuri, sikatae, lakini ile matabishi...", halafu kicheko, kicheko cha nani hicho, cha yule mama wa jury, Hélène, ambaye tangu asubuhi hajauliza swali hata moja, leo amepata la kucheka... na wacheke, kucheka hakulipiwi. Ilianza vizuri kabisa, alijibu mambo ya soko, alijibu mambo ya mtaji, Profesa akawa anasema "bien, bien", mpaka alipofika pale Kavuo alipoandika katika travail yake, ile kazi ya kuhitimu, kwamba hata vita ilipofika hakuacha kutoa matabishi, akasoma kwa sauti, akauliza, "Matabishi ya nani, Mama? Ya basoda ku barrière?" na yeye akajibu hapana, Papa Profesa, si ya askari wa kizuizini, ya wateja, na Profesa akasema, "Wateja njo banakula matabishi?" na huko kote wakaangua kicheko, maana kwao mjini matabishi ni ile noti unayomkunjia karani ili karatasi yako itembee, hawajui nyingine, "Mama, hatuwezi kuandika rushwa mu travail ya université, andika remise, punguzo ya bei, tumalize." Punguzo la bei. Na ni kweli, wangemaliza.

"Dada," Lévi anaita kutoka chini, mdogo wake, ameegemea pikipiki iliyofungwa sabuni na chumvi za kupeleka Omate kwa wachimbaji, uso umeelekea mawingu, "dada, sema tu remise tuende, mvua iko inakuya, njia itakuwa matope tupu," na Kavuo anamfanyia ishara ya mkono, nyamaza, lakini Lévi ana haki yake, Lévi siku zote ana haki, ndiyo maana anaudhi, hata siku ile redio iliposema soma popote, wakati wowote, masomo souple yatakayokufuata ulipo, Lévi alicheka hadi akashika ubavu, "Souple? Njo kusema masomo ya kulegea? Yakifika Masisi yataanguka," na hayakuanguka, Lévi, mdogo wangu, yamenifuata kweli kuliko hata ndugu wengine wa damu, somo la soko alilisoma chini ya lori lililozama matopeni njia ya Walikale, dereva analaani, yeye anasoma, somo la washindani alilisoma ndani ya shamba la mihogo akiwa amelala kifudifudi, risasi zinapita juu, na somo la hatari, Mungu wangu, somo la hatari, walikuwa wanakimbia kutoka Masisi centre, wakapumzika mtoni, akawasomea wanawake wenzake ile maana kama ilivyoandikwa, kwamba hatari ni uwezekano wa matokeo kutofautiana na matarajio, na mama mmoja mwenye godoro kichwani akasema, "Ao, njo wanafundisha ile?" wakacheka mpaka machozi, wanawake waliokimbia nyumba zao, wanacheka mtoni, hayo hakuyaandika kwenye kazi yake, labda angeyaandika... mtu amesoma hivyo halafu ashindwe kwa neno, hapana, atasema remise. Remise. Jaribu mdomoni. Remise... inateleza, haina ladha, mama yake Mbambu kule Butembo hajawahi kuitamka na ameuza unga maisha yake yote, Mbambu alikuwa anasema muntu anarudi juu ya ile uliongeza, haiko juu ya ile alilipa, na mkono wake ulipanda wenyewe, bei imekwisha kukubaliwa, fedha imekwisha kupokewa, mkono unarudi guniani, unachota kidogo, unamwaga juu, ndiyo matabishi hiyo, haba na haba hujaza kibaba, sawa, lakini methali imeishia pale, haisemi kibaba kikishajaa unafanya nini, Mbambu ndiye aliyejua, kibaba kikijaa ndipo biashara inapoanza.

Na yule mama wa Lushebere je, utamwita nani yule, mteja wa remise? Joséphine-Marie... "...tumupe muda, ligne iko mubaya," mtu anasema simuni, sijakata, niko, ... Joséphine-Marie, aliyefika kambini Lushebere na nguo aliyoivaa tu, kijiji kimebaki majivu nyuma yake, wanawake wa hema lake walisema tangu afike hajafungua kinywa, anapewa uji anakunywa, anaambiwa lala analala, na siku ya mgao anapanga foleni na wengine, na yule bwana wa mgao anajaza kopo la unga kisha anapitisha kijiti juu, kopo sawasawa na ukingo, kilichozidi kinarudi guniani, asilaumiwe, watu ni wengi na unga ni mdogo, huo ni msaada na msaada ndivyo unavyopimwa, unaupokea, unasema asante, unaondoka, na Joséphine-Marie hata asante hakuisema. Kavuo alikuwa na meza yake nje pale, chumvi, sabuni, mawese, na siku moja yule mama akaja, akaweka noti iliyokunjwa mezani, akaonyesha chumvi kwa kidole, Kavuo akapima, akafunga, akampa, na mama yule hakuondoka, alisimama pale kama mwiba wa samaki kooni, foleni nyuma yake inaguna, halafu akanyoosha kiganja na kusema, sauti imekwaruza kwa kukaa bila kazi, "Na matabishi yangu?"

Hilo ndilo neno lake la kwanza. Hakusema maji, hakulitaja jina la mtoto wala la mumewe, watu wakacheka, mtu hana nyumba anadai matabishi, na Kavuo akachota, akamwagia kiganjani, na mama yule akaitazama ile chumvi, akamtazama Kavuo kwa jicho la mtu aliyedhulumiwa, akasema, "Njo hii tu?" na hapo, hapo Kavuo alitaka kulia na kupiga vigelegele kwa pamoja, maana aliyesimama mbele yake alikuwa mteja, mteja mkorofi, mwenye haki yake na soko lake na jana yake, akamwongeza, wakagombana kidogo, wakaachana vizuri, na kesho yake akarudi... Sasa Profesa, niambie, hiyo ni remise? Remise muuzaji anaikata mwenyewe akipenda, anampa mwenye kununua magunia. Hiyo ni zawadi? Zawadi haidaiwi. Matabishi inadaiwa, bwana, inadaiwa na mtu aliyelipa, na anayedai bado ni mtu.

"Dada, minaenda," anasema Lévi, haendi, hajawahi kwenda bila yeye... na wale wa barrière, tuwaseme na wao basi, maana ndio wenye kosa, wanasimamisha pikipiki, bunduki begani, wanatabasamu, "Mama, acha matabishi ya bakubwa," wamesema hivyo mara nyingi hadi watu wa mjini wameamini kwamba neno ni lao, wameshachukua mbuzi, wameshachukua mabati, barabara yenyewe wamechukua na kuikatakata vipande, na sasa yeye Kavuo, binti wa Mbambu, kwa mdomo wake, mbele ya wasomi, awakabidhi na neno la sokoni pia, awaambie shikeni, lilikuwa lenu tangu zamani, sisi tuna remise? Ndiyo maana moyo umekuwa ukimkwaruza tangu Profesa alipocheka, alidhani ni hofu ya kufeli, kumbe ni hasira, ni hasira safi kabisa, na hasira hii haitaki kuteremka kisikini. Akifeli amefeli, somo litarudiwa, si walisema yanamfuata popote, yamfuate tena, yeye anajua njia zote za kukimbia nayo, lakini Joséphine-Marie hatafutwa kwenye kazi yake kama unga uliozidi kwenye kopo, kijiti hicho hakipiti hapa, hakipiti... tone la kwanza la mvua limemwangukia shingoni, mguu wa kisikini umekufa ganzi, "Allô? Allô, Mama Kavuo, uko?"

"Niko, Papa Profesa."

"Bon. Tumeongea. Sasa tunaandika remise, njo vile?" na chini Lévi amewasha pikipiki, halafu ameizima, anamtazama dada yake.

"Hapana, Papa. Iko matabishi," anasema Kavuo, na sauti yake ni ileile anayowaitia wateja, "haiko ile ya barrière. Muandike matabishi." Huko kimya, hajui kama ni kimya cha hasira au cha réseau, mguu mmoja kisikini, mwingine hewani, mvua inakuja kweli sasa, anakinga simu kwa kiganja. "Na kama hamuijue," anasema, "muniulize. Niko hapa. Sishuke."