Riba ya Ng'ombe wa Nyogokuru

Katika likizo ya mwaka wa pili wa uhuru niliteuliwa kuwa Waziri wa Fedha. Sikuapishwa, sikupewa gari, na serikali yote ilikuwa nyanya yangu Nyirabahizi, ambaye mimi humwita Nyogokuru, kama tunavyowaita nyanya zetu sisi watu wa milima ya juu. Alishuka Uvira kwa miguu, kichwani amebeba chombo cha mti cha kukamulia maziwa, kifuniko kimefungwa kwa kamba. Ndani hamkuwa na maziwa. Alikuwa ameuza ng'ombe.

Aliuza kwa sababu mbili. Kwanza, tangu askari waanze kugombana na wakubwa wao, hatukukosa habari ya zizi lililovamiwa mahali fulani. Pili, mimi. Nilikuwa nimebakiza miaka minne katika shule ya bweni ya misioni, na karo ingezila zile fedha zikaisha kabla sijamaliza, isipokuwa kama zingewekwa mahali zikazaa. Zisipozaa, Charlotte Murekatete, yaani mimi, angerudi mlimani kuchunga ndama, na ndama, nasema kwa heshima zote, hawajawahi kumtii.

Kulikuwa na tatizo moja la kiserikali. Kwetu ng'ombe hahesabiwi kwa sauti. Ukitaja idadi ya mifugo yako, mkosi unasikia na kuja kupunguza. Na kwa Nyogokuru, fedha ya ng'ombe ni ng'ombe bado, amebadilisha ngozi tu. Kwa hiyo Waziri wa Fedha alitakiwa kutafuta riba nzuri kuliko zote bila kujua fedha ni ngapi.

Tulianza kwa Bwana Sévère, muuza vitenge karibu na soko, aliyekuwa akijisifu kwamba anapokea akiba za watu na kuzizalisha kuliko banki yoyote. Alituketisha, akaagiza limonadi. Nikamwuliza anatoa ngapi kwa mia. Akaniuliza mama mzee analeta ngapi. Nikakitazama chombo cha maziwa, nikahema kwa uzito, kama mchungaji wa kanisa anayemzika tajiri.

Akasema kumi kwa mia, tena kwa mwezi. Nikahema tena, ikawa kumi na mbili. Nilipohema mara ya tatu na kupangusa jicho, ilifika kumi na tano, na ninaamini kama ningekuwa na mafua siku ile tungekuwa matajiri. Lakini Nyogokuru alikuwa amekwisha simama.

"Ng'ombe zako zinazaa kila mwezi?" aliuliza.

"Kila mwezi, mama."

"Hata sungura anapumzika."

Tukatoka. Limonadi niliimalizia mlangoni, maana serikali nzuri haitupi mali.

Posta hawakuuliza chochote. Walisema tatu kwa mia kila mwaka, na riba yenyewe inabaki humo, inazaa pamoja na mama yake, kama ndama jike. Jambo hilo Nyogokuru alilipenda. Kisha nikaenda peke yangu hadi banki moja ndogo huko Kalundu, bandarini, nimevaa sare ya shule ili nionekane mtu wa maana. Wao walitoa nne kwa mia, na ndama vilevile wanabaki zizini. Ila kila mwaka walikata faranga mia mbili za ulinzi.

Jioni nilikaa jikoni nikachora hesabu juu ya majivu. Nne ni kubwa kuliko tatu, hata ndama anajua. Lakini zile mia mbili zilinizibia njia. Kama fedha ni kidogo, ulinzi utakula riba na kulamba mikono. Kama ni nyingi, mia mbili ni kama kupe mmoja juu ya fahali. Kusema ipi ni bora, ilibidi nijue kiasi, na kiasi nisingeweza kukiuliza. Nilifuta majivu mara nyingi hata nikafanana na mpishi wa misioni. Halafu nikaiona: kulikuwa na idadi moja ambapo posta na banki zililipa sawasawa mwaka wa kwanza, pale ile moja kwa mia ya ziada inapokuwa mia mbili kamili. Nilirudia hesabu kwa mkono wa kushoto, kuona kama hata huo unakubali. Ukakubali.

"Nyogokuru," nilisema, "minye sitakuuliza kitu. Kesho tunatoka mpaka ku barabara kubwa. Kama ziko kupita elfu makumi mbili, geuka kuume, tuende Kalundu. Kama haziko, geuka kushoto, tuende posta. Kama ziko elfu makumi mbili kamili, ukae chini tupumzike, juu itakuwa sawasawa."

Akauliza ni nani aliyenifundisha. Nikamjibu ni madmazeli, mwalimu wetu wa hesabu, ambaye yeye mwenyewe hana hata mbuzi.

Asubuhi tulifika barabarani. Lori la mpunga kutoka Luberizi lilikuwa linapita, tukalisubiri na vumbi lake. Ziwa lilikuwa mbele yetu. Nyogokuru alisimama, akaweka chombo sawa kichwani.

Akageuka kuume.

Mimi, mtu mzito wa serikali, niliruka kama mwanambuzi.

"Weye, acha kuruka," alisema bila kugeuka. "Watu watajua."

Banki ya Kalundu ilikuwa na karani mmoja, Déogratias, kijana mwenye tai. Alizihesabu noti kimyakimya, midomo ikichezacheza, na Nyogokuru akatazama ukuta kwa adabu. Kisha karani akatueleza kwamba sheria ya banki inamlazimu kumsomea mwenye mali kiasi chake, kwa sauti, kabla ya kuandika. Bila hivyo hapokei.

Nyogokuru akanyoosha mkono achukue kifuniko. Nikaona miaka yangu minne inarudi ndani ya chombo cha maziwa.

"Baba," nikamwambia karani, "usome kwa Kifaransa."

"Mama anasikia Kifaransa?"

"Hapana. Na mkosi wa ng'ombe pia haukusoma. Unakaa kwetu mlimani tangu zamani."

Déogratias akatazama mlango wa mkubwa wake, akakohoa, akasoma kwa Kifaransa kizuri cha kiongozi wa sherehe. Kiasi chenyewe sitakitaja hapa, mimi nami nina kwetu. Niseme tu kwamba Kifaransa ninakisikia, na niliuma kola ya sare yangu.

Nyogokuru akauliza mtu huyu amesema nini.

"Amebariki zizi."

"Amina," akasema Nyogokuru. Karani naye akasema amina, akachovya kalamu, akauliza jina la mwenye akiba.

"Murekatete," akasema Nyogokuru.

Nikadhani ananiita, nikaitika. Hakuwa ananiita. "Andika huyo," akamwambia karani. "Minye nimemupa. Nilitaka kuona kama atajua njia ya kuzichunga."

Kwetu anayepewa ng'ombe husimama mbele ya watu, akapiga makofi polepole na kumsifu aliyempa, na tangu siku hiyo huapa kwa jina lake. Mimi nilikuwa nimeyaona mambo hayo yakifanywa na wanaume wenye ndevu, zizini, kwenye samadi. Sikuwahi kuona msichana akiyafanya bandarini. Lakini nilisimama katikati ya ile banki nikapiga makofi. Nikasema Nyirabahizi amenipa ng'ombe. Nikasema Nyirabahizi ni binti wa wasiofunga mlango, mkono wake unakamua na wengine wananywa, ameshuka na mali ya milima kwa miguu na hakuna aliyemdanganya. Karani aliweka kalamu chini. Wavuvi wawili waliokuwa wakingoja zamu walivua kofia.

Nyogokuru alisikiliza, kidevu juu, macho ukutani.

"Pandisha sauti," alisema. "Wenye kuwa inje hawajasikia."

Nikapandisha.