Landrova Ilipopita Kimya

Injini iliingia. Nianze na hilo, maana ndilo kila mtu ananiuliza, na mimi tangu utoto habari haikai mdomoni. Iliingia, ikawaka, na mpaka leo inavuta mlima kama haina mzigo. Ingekuwa ni habari ya injini tu, jamani, ningeisimulia huku narukaruka.

Baba yangu, Mzee Aminieli, ana Landrova 109 ya zamani, ile ndefu yenye turubai nyuma. Kwa umri imenizidi mara mbili. Kwetu ni milimani, Upare Kusini, juu ya Kisiwani. Barabara ni moja tu, nyembamba, kona juu ya kona, na Landrova ya Baba ndiyo ilikuwa inashusha tangawizi, inapandisha saruji, na mtu akizidiwa inamshusha hospitali Same.

Na kwetu hakuna anayesimama barabarani kusubiri gari. Ukungu wa asubuhi utakumaliza. Unakaa ndani, karibu na moto, unasikiliza. Landrova ikianza kushuka kule juu kanisani inasikika bonde zima: inanguruma, inakohoa, inanguruma tena. Hapo ndipo unavaa viatu. Mwenye gunia anafunga gunia, mwenye mgonjwa anamlaza kwenye machela. Una dakika ishirini mpaka ikufikie, kwa jinsi barabara inavyozunguka. Hata mtoto wa chekechea anaijua sauti yake. Magari mengine yakipita, ya wageni au ya watu wa wilayani, hakuna anayeinua shingo, maana hayasimami.

Basi mwezi wa kwanza injini ikafa. Ilifia mlimani na magunia kumi na mbili, Baba akairudisha nyumbani kwa kuvutwa na ng'ombe. Akakaa kwenye bampa kama mtu aliyefiwa. Mimi nilikuwa nimemaliza diploma ya ufundi magari Arusha, nipo nipo tu nyumbani naomba kazi kwa simu. Nikamwambia, "Baba, tuitoe, tuweke nyingine."

"Nyingine ipi? Za hii zimeisha duniani."

"Ya Toyota, ya dizeli. Chuoni tulifanya."

"Chuoni," akasema. "Chuoni mlikuwa na chai ya saa nne."

Lakini nisiwadanganye, haraka yangu haikuwa gari. Ilikuwa Lukia.

Lukia ni shoga yangu tangu darasa la kwanza. Aliolewa na Wilbard, fundi uashi, wanakaa kona ya tano ukishuka kutoka kwetu, nyumba iko juu ya barabara, wanaishi na mama mkwe wake, Mama Blandina. Alikuwa amepoteza mimba mbili, zote zikiwa kubwa. Hii ya tatu kliniki walimwambia kabisa: wiki mbili kabla ashuke Same, akae karibu na hospitali, na bodaboda asipande hata kwa bahati mbaya. Sasa gari limekufa. Atashukaje? Akanishika mkono akaniambia, "Viki, wewe ndiye uliyesomea. Niwekee gari barabarani."

Ningekataaje?

Injini tuliipata Kisiwani kwa Mzee Sendeu, mfugaji, rafiki wa Baba wa miaka mingi. Pikapu yake ilipinduka korongoni, bodi ikakunjamana kama karatasi, lakini injini nzima. Tulipomwamkia akaitikia, akaipigapiga ile injini kwa fimbo. "Mwili umekufa, moyo mzima," akasema. "Chukueni. Ila siku mkiiwasha, niwe wa kwanza kuiona. Msipite kwingine." Baba akamwahidi.

Wiki tatu, jamani! Uani kwetu tulisimamisha nguzo tatu za mkaratusi, tukafunga mnyororo wa kunyanyulia, tukaitoa ile ya zamani. Kuitoa ni rahisi. Kuingiza nyingine ndipo utakapojua hujui. Giaboksi ni ya Landrova, injini ni ya Toyota, hazijawahi hata kusalimiana. Ilibidi nichore sahani ya chuma ya kuziunganisha, nishuke nayo Same ikachongwe, nirudi, matundu mawili hayakai, nishuke tena. Vishikizo vya injini nilichomelea mwenyewe, na vya kwanza nikavigeuza upande, injini ikakaa imeinama kama mlevi katoka harusini. Baba alicheka mpaka akakaa chini. "Diploma hiyo!" anasema. "Diploma yenyewe hiyo!"

Kila jioni nilikuwa nateremka njia ya mkato, dakika kumi tu kwa mguu, kumpelekea Lukia habari. Yeye kalala kwa ubavu, tumbo limemtangulia.

"Leo imeingia?"

"Imeingia nusu."

"Injini inaingia nusu, Viki? Au ndiyo mmeanza kuipiga nyundo?"

"Kidogo."

"Mungu wangu. Na usinishike na mikono hiyo, mtoto atazaliwa ananuka dizeli."

"Atazaliwa fundi. Niambie, amecheza leo?"

"Huyu? Anapiga teke mpaka Wilbard anaamka." Akachukua mkono wangu, mchafu hivyo hivyo, akauweka. Pu! Nilipiga kelele mpaka Mama Blandina akaja mbio na mwiko.

Kitu kimoja tu tulibishana mimi na Baba: ekzosi, bomba la moshi. Ile ya zamani ilikuwa imetoboka, ndiyo maana ilikuwa inanguruma vile. Mimi nikaweka mpya, na sailensa mpya ya kumeza kelele, kitu cha kitaalamu. Baba akaizunguka, akaitazama.

"Hii itapita kama mwizi. Watu watanijuaje?"

"Baba, watu wana simu siku hizi."

Angebisha zaidi, labda. Lakini aliniona nilivyo na furaha.

Jumanne saa tisa alasiri ikawaka. Ikawaka mara ya kwanza! Nikateremka mbio kwa Lukia, nikamkuta uani, tukashikana, tukalia, tukacheka. Nikamwambia kesho asubuhi tunaijaribu mpaka Kisiwani, Mzee Sendeu aione kama tulivyoahidi. "Halafu Ijumaa ni wewe. Nimeshaandaa godoro la nyuma."

"Ijumaa," akasema Lukia, akashika tumbo. "Umesikia wewe? Ijumaa."

Jumatano tukaondoka saa moja na robo. Baba anaendesha, mimi kando, simu mkononi. Nilikuwa narekodi video ya kuwatumia wenzangu wa chuo, maana wavulana wa darasa letu waliapa kwamba sitaweza. Na ili mtu asinipigie video ikakatika, niliiweka simu isipokee kitu. Ya Baba ilikuwa nyumbani inachajiwa.

Tulishuka kama tunateleza. Nikashangaa kidogo, mbona hakuna mtu hata mmoja aliyetoka na mzigo? Nikasema aa, hawajui kama tumeanza kazi. Kona ya tano nikaelekeza simu juu kwa Lukia, nikapunga mkono huku nimemgeukia Baba. Baba akauliza, "Tusimame tumsalimie?" Nikamwambia aache, Baba, bado mapema, amelala. Tutamwona tukirudi.

Hakuwa amelala.

Damu ilianza kumtoka saa moja hivi asubuhi. Wilbard akanipigia, napatikana sipatikani, mwisho sipatikani kabisa. Akapiga ya Baba, inaita tu. Mama Blandina akasema msihangaike, Landrova inashuka asubuhi hii, Viki mwenyewe kasema jana. Tukiisikia tu, tunamtoa. Wakamwandaa kwenye machela pale pale karibu na moto, wakamfunika. Wilbard hakuweza kukaa, akapanda mbio njia ya mkato kuja kwetu kutuharakisha. Sisi tulikuwa barabara kubwa, tunazunguka. Yeye anapanda, sisi tunashuka, hatukuonana. Alipofika uani kwetu alikuta nguzo tatu na ile injini ya zamani chini.

Na kule nyumbani walisikia gari. Walilisikia. Mama Blandina akatoka mpaka mlangoni, akasikiliza. Akarudi ndani akamwambia Lukia, "Siyo yenyewe, mwanangu. Ni pikapu ya watu. Vumilia, Landrova inakuja."

Wakaendelea kusikiliza, hata Wilbard aliporudi mbio, mpaka wakakata tamaa wakaamua kumbeba kwa miguu.

Kisiwani Mzee Sendeu aliizunguka Landrova mara mbili, akacheka, akaita wake zake waje waone. Tukanywa chai ya maziwa. Nilimweleza habari ya sahani ya chuma kuanzia mwanzo mpaka mwisho, na ya vishikizo vilivyogeuka, nikaonyesha na kwa mikono. Saa nzima. Nikiikumbuka ile chai natamani kuitapika.

Tunarudi, tumeshaanza kupanda, kona ya pili kutoka chini tukakuta watu katikati ya barabara. Wanaume wanne wamebeba machela, wengine nyuma. Hawakuinua macho. Tulikuwa mbele yao, hatua kumi, na hawakuinua macho. Baba akapiga honi, ndipo Wilbard akainua uso.

Sitausahau ule uso. Aliitazama Landrova kama anatazama mzimu. "Mlipita?" akasema. "Mlipita saa ngapi?"

Tukampakia Lukia. Nilikaa nyuma nimemshika Lukia kichwa, mdomo wake mweupe, na kila akifumbua macho ananiuliza, "Viki, tumefika?" Nami, mwenye maneno yote haya, nikawa najibu, "Bado kidogo." Baba aligeuza pale pembamba kwa mara moja. Injini haikukohoa hata mara moja mpaka Same. Ilikimbia kuliko ile ya zamani ilivyowahi kukimbia maisha yake yote.

Nesi alituuliza imeanza saa ngapi. Wilbard akamwambia. Nesi akasukuma kitanda ndani.

Lukia alipona. Mtoto alikuwa wa kike, mzima, kamili, nywele nyingi kama za mama yake. Alikuwa ameshakufa. Tulipanda naye siku iliyofuata, Wilbard kampakata mbele amefungwa kanga, na kijiji kilikuwa barabarani kimesimama. Kwa sababu safari hiyo tulikuwa tumewapigia simu.

Wiki iliyofuata Baba alilala chini ya gari na msumeno wa chuma, akaikata ile sailensa bila kuniuliza. Akaitupa kwenye migomba. Sasa inanguruma vibaya kuliko zamani, na watu wanatoka na magunia yao kama kawaida. Mimi siku zile sikutoka ndani. Nilikuwa nasikia Mama Blandina anawaambia watu njiani, "Ni mimi niliyesema siyo yenyewe. Ni mimi." Nikasema nitoke nikamwambie hapana, Mama, ni mimi. Nikajifunika blanketi.

Ile video nilikuwa sijaitazama. Nilitaka kuifuta tu. Lakini kidole hakikufuta, kikagusa ikaanza kucheza, nikaiona kona ya tano. Nyumba ile juu, moshi jikoni, na Mama Blandina anatoka mlangoni, anaweka mkono sikioni, anatazama juu upande wa kanisani. Sekunde nne. Anarudi ndani. Na sauti yangu hapo hapo, nacheka: "Sikilizeni, jamani! Hata kuku hawashtuki!"

Siku ya ishirini Lukia akatuma mtu aniite. Nilimkuta kitandani, amekonda, maziwa yamelowesha gauni, yanatoka na hakuna wa kuyanyonya. Nikapiga magoti.

"Inuka," akasema. "Sikukuita kukusamehe. Sijui hata kama nimekukasirikia. Nimechoka kukaa na watu wanaonong'ona. Niongeleshe kama zamani."

Nikajaribu. Nikaanza habari ya tangawizi, nikaiacha katikati. Badala yake nikatoa simu, nikamwambia kuna kitu, na kwamba ukitaka nikuonyeshe nitakuonyesha, usipotaka naifuta sasa hivi, usiione milele.

Akanyoosha mkono.

Aliitazama mpaka mwisho. Akarudisha kwenye kona ya tano. Akatazama tena, na tena. Alipoisikia sauti yangu nikaangalia ukuta.

"Hapa ni saa ngapi?"

"Saa moja na dakika thelathini na tano."

"Mimi niko hapa ndani." Akagusa dirisha la nyumba kwenye kioo cha simu kwa ncha ya kidole. "Saa hizo alikuwa anapiga teke. Nakumbuka, Mama kaniambia nivumilie, na mtoto akanipiga hapa, kwa nguvu kabisa. Mpaka saa tatu ndipo akanyamaza."

"Lukia, niifute."

"Usifute. Humu bado yuko hai." Akashusha pumzi. "Nitumie."

Chumbani kwake mtandao haushiki. Nikamwambia nitamtumia nikifika kwetu, akasema hapana, sasa hivi. Akajifunga kanga, akashika bega langu, akatoka nje kwa mara ya kwanza tangu siku ile. Tukapita pembeni ya jiko, tukapanda taratibu mpaka kwenye lile jiwe la shambani ambapo simu inashika vijiti viwili. Nikabonyeza. Ni video ndefu, inapanda polepole. Tukakaa juu ya jiwe, bega kwa bega, kila mtu kashika simu yake, tukawa tunangoja ifike.