Mwaka Ziwa Lilipokolea Chumvi

Asubuhi moja ya Agosti 1994, Adero alikuwa amepiga magoti ukingoni mwa ziwa akijaza maji kwenye chupa za soda. Mama yake, Dorca, alikuwa akianika omena, dagaa wa ziwa lile, juu ya wavu karibu naye. Kando yao lilipita bomba la kiwanda cha gundi, likitema maji ya rangi ya chai ya maziwa, na pale yalipoingia ziwani samaki walielea matumbo juu.

Adero alikuwa akisomea sheria Nairobi. Hakuna mtoto mwingine wa ufuo ule aliyekuwa amefika chuo kikuu, na tasnifu yake ilihusu bomba hilo. Alikuwa amepima maji, akachunguza samaki waliokufa, akapata katika sheria ya bahari kifungu kinachokataza uchafu kama ule. Lakini msimamizi wake, Mwalimu Walubengo, alimrudishia kazi.

"Ati kwa nini?" Dorca aliuliza.

"Anasema hiyo ni sheria ya bahari, Mama, na hili ni ziwa. Halina chumvi, wala maji yake hayajui kujaa na kupwa."

"Sisi Wajaluo tuna neno moja tu. Ziwa ni nam, bahari ni nam." Dorca aliyageukia maji. "Umesikia vile wanasema juu yako?" Kisha akaendelea kuanika omena.

Kesho yake ziwa liliamka na chumvi. Asubuhi lilirudi nyuma likaacha mitumbwi imelala kwenye matope; alasiri likajaa mpaka mlangoni mwa kanisa. Wavuvi walimwuliza Adero hali hiyo inaitwaje, akawafundisha, nao wakapanga upya saa za kuvua. Samaki, ngege na mbuta, walibaki vilevile, ila hawakuhitaji tena kutiwa chumvi sufuriani, na wauza chumvi wa Otonglo wakahamia sukari. Waliotaabika ni waliozoea kunywa maji ya ziwa. Sasa iliwabidi kwenda mtoni, na walipopita kwa Dorca walinung'unika.

"Mama Adero, ambia huyo mtoto amalize masomo haraka," alisema jirani yake, Benta, ndoo kichwani.

"Atamaliza. Na wewe utajisifu ulimbeba mgongoni."

"Kwani sikumbeba?" Benta alijibu, akaenda zake ameridhika.

Walubengo alikuja mwenyewe. Alivua viatu, akaingia majini, akachovya kidole na kukilamba. "Ni bahari," alisema, akaomba radhi mbele ya wavuvi. Mwaka ule hakuna mwanafunzi wa sheria aliyempita Adero kwa alama.

Alipofuzu, jambo la kwanza alilofanya ni kukishtaki kiwanda. Wakili wa kiwanda, Bwana Masinde, alikuwa mtu mpole, na hakubisha hata kidogo kuhusu chumvi.

"Mheshimiwa," alisema, "mteja wangu anashtakiwa kwa kuchafua ziwa. Ziwa halipo tena. Na bahari hii serikali bado haijaitangaza, kwa hiyo kisheria haipo pia."

Hakimu aliona hoja hiyo ina uzito. Akaamuru kesi ingoje tangazo.

Adero alitoka nje akijiandaa kuwaomba watu wa kwao msamaha. Hakupewa nafasi. Wanawake wa ufuo walikuwa wamejaa uani wakipiga vigelegele na kuimba jina lake, kwa sababu mpaka siku ile hakuna mtu aliyewahi kukifanya kiwanda kisimame na kujieleza. Benta alijaribu kumbeba tena mgongoni, wakaanguka wote wawili, wakacheka.

Tangazo halikuja. Kiwanda kilirefusha bomba, ili liyafikie maji hata yanapokupwa.

Siku moja mgeni kutoka Katito alifika kununua omena, akaziba pua kwa leso.

"Mama, mbona bahari yenu inanuka hivi?"

"Harufu ni ya kiwanda," Dorca alimjibu, akimpimia omena bila haraka. "Bahari ni ya binti yangu."