Mkasi Ndani ya Mchele

Mjomba Dehou alinipigia simu saa mbili asubuhi, tarehe ishirini na tisa ya mwezi wa mwisho kwa kalenda ya wazee, kuniambia nisiende dukani kwake.

"Yun, usije leo," alisema. "Nimeshusha mlango. Koo linawasha na mwili unauma kama nimebeba magunia."

"Lakini mwaka unaisha kesho, Mjomba. Na hizi nywele?"

"Ndiyo ujue kuchelewa. Nilikwambia njoo tarehe ishirini, ukasema foleni ndefu."

"Foleni ilikuwa ndefu."

"Foleni ya kinyozi mwisho wa mwaka isipokuwa ndefu, ujue kinyozi kafa. Utakuja tarehe mbili ya mwezi wa pili. Nitakuweka wa kwanza kitini."

Saa nne ya asubuhi hiyo hiyo mji wetu, Wuhan, ulifungwa kwa sababu ya ugonjwa mpya wa mapafu, hakuna kuingia wala kutoka. Siku ya tatu ya mwaka mpya gari lilimchukua Mjomba likampeleka hospitali. Sikumwona tena ana kwa ana.

Alikuwa mjane, hakujaliwa watoto, na kwa miaka arobaini alikata nywele katika chumba kimoja chenye viti viwili, nyuma ya soko. Mimi sikuwahi kukatwa na mtu mwingine. Mama naye hivyo hivyo, kwa kuwa Mjomba alikuwa mdogo wake, na ndiye ndugu pekee aliyekuwa naye.

Kwetu mtu hakati nywele mwezi wote wa kwanza. Anayekata anamuua mjomba wake. Ndiyo maana watu wote hukimbilia kwa kinyozi mwisho wa mwaka, kisha vinyozi hukaa mwezi mzima wakisoma magazeti, mpaka tarehe mbili ya mwezi wa pili, siku ambayo wazee husema joka linainua kichwa, ndipo milango hufunguliwa na foleni huanza upya. Nilikuwa na umri wa miaka thelathini na minane na nilikuwa nimeishika desturi hiyo kila mwaka bila kuifikiria, kama mtu anavyovua viatu mlangoni.

Mama aliifikiria. Siku Mjomba alipopelekwa hospitali, mikasi yote ya nyumbani ilitoweka.

"Mama, mkasi wa jikoni uko wapi?"

"Wa nini?"

"Wa kufungulia pakiti ya tambi."

"Una meno."

Tuliishi hivyo, wanawake wawili katika vyumba viwili ghorofa ya sita, tukifungua pakiti kwa meno na kukata vitunguu vya majani kwa kisu cha nyama. Asubuhi Mama alipotoka chumbani kwake aliangalia kichwa changu kwanza, kisha uso. Nikichelewa bafuni aligonga.

"Unafanya nini humo?"

"Mama, mtu anafanya nini chooni?"

"Mbona kimya?"

"Nipige ngoma?"

Ningevumilia, lakini nilikuwa nimejitolea kupokea na kugawa mboga za jengo letu. Kila siku ya pili lori lilishusha magunia langoni, nami nilivaa glavu, barakoa na miwani, nikagawa mifuko mlango kwa mlango. Nywele zangu ni za kufika kwenye taya, na za mbele Mjomba alizoea kuzikata sawa na nyusi. Katikati ya mwezi zilikuwa zimefika puani. Fupi mno kufungwa, ndefu mno kuachwa. Vibanio viliteleza. Kofia ilipanda juu kila nilipoinama. Na kila zilipoingia machoni mkono ulikwenda wenyewe kuziondoa, mkono wenye glavu iliyoshika vitasa vya milango yote ya jengo.

"Binti Xia," alisema Mzee Shen wa ghorofa ya tatu, akiniita kwa jina la ukoo, mlango ukiwa wazi kiasi cha kiganja. "Hii kabichi ni ya Mama Peng. Juzi pia ulinipa kabichi ya Mama Peng. Unatuona kweli nyuma ya hilo pazia, au unagawa kwa harufu?"

"Samahani, Mzee Shen."

"Mimi sina neno, nakula tu. Ila Mama Peng atafikiri namtaka."

Siku hiyo Mama alinisubiri mlangoni na chupa ya dawa ya kuua vijidudu, akaninyunyizia kuanzia viatu mpaka mabega. Nikiwa nimesimama hapo, mkono ulikwenda usoni.

"Glavu!" Mama alisema.

"Ni nywele, Mama. Zinaniingia machoni. Nikiugua, nitaugua kwa sababu ya hizi."

"Zirudishe nyuma."

"Hazikai nyuma. Nipe mkasi, nikate hizi za mbele tu. Upana wa kidole."

"Kidole au kichwa kizima, hesabu ni moja."

"Mama, Mjomba anaumwa mapafu. Nywele zangu na mapafu yake vinajuana wapi?"

Alifunga chupa taratibu. "Umesoma mpaka sekondari," alisema, "na hujui kunyamaza."

Nilinyamaza siku tisa. Kila asubuhi alimpigia Mjomba simu, naye alijibu kwa maneno mawili matatu, au hakujibu na tukapata ujumbe wa muuguzi. Baada ya kila simu Mama alipika supu ya mbavu na mizizi ya yungiyungi, akaonja, akasema chumvi haitoshi, akala kijiko kimoja, akanilaumu kwamba sili. Mifupa ile ile aliichemsha mpaka ikawa myeupe.

Tarehe ishirini na nne nilikwenda kuchota mchele wa kupikia uji. Kikombe kiligonga chuma. Niliingiza mkono ndani ya pipa, nikatoa mikasi mitatu iliyofungwa pamoja ndani ya leso ya Mama. Nilichukua mmoja, ule mdogo wa kukatia nyuzi, nikarudisha miwili na leso mahali pake.

Siwezi kusema kwamba sikujua ninachofanya. Nilifungua maji ya bafuni ili Mama asikie kitu, nikalowesha nywele za mbele, nikazichana mpaka machoni na kuzikata kwa mstari mmoja. Upande wa kushoto ulikuwa juu. Nikapandisha wa kulia. Sasa wa kulia ukawa juu. Kila mtu aliyewahi kujikata nywele anaijua safari hiyo. Nilipoona zimelingana zilikuwa zimefika kwenye nyusi, nikaridhika, nikazikausha kwa taulo. Zikapanda. Zikaendelea kupanda mbele ya macho yangu mpaka zikasimama katikati ya paji la uso, ngumu, kama mswaki. Nilizikusanya zilizoanguka, nikazifunga kwenye karatasi na kuzisukuma kwa maji chooni. Mara mbili, maana mara ya kwanza zilirudi.

Nilitoka na taulo kichwani. Baada ya taulo nilivaa kofia ya sufu.

"Unasikia baridi?" Mama aliuliza.

"Kidogo."

"Una homa?" Akaleta kipimajoto. Akanipima mara nne siku hiyo, na kila mara nilishika kofia kwa mkono mmoja, huku nikimchukia kwa kunihangaikia na kujichukia kwa kumdanganya.

Tarehe ishirini na sita Mjomba alipiga mwenyewe, simu ya picha. Ilikuwa mara ya kwanza kuuona uso wake tangu alazwe. Alikuwa amekonda, na mirija ya hewa puani, lakini aliketi, na mto nyuma ya mgongo. Mama alishika simu kwa mikono yote miwili, karibu sana, kama anataka kuingia.

"Dada, sogeza simu, naona pua tu," alisema Mjomba. "Yun yuko wapi?"

"Huyu hapa. Umekula?"

"Nimekula. Mbona Yun amevaa kofia ndani?"

"Anasikia baridi."

Mjomba alinitazama. Mtu aliyekata kichwa kimoja kwa miaka thelathini na minane anakijua hata kikiwa kimefunikwa.

"Vua nione," alisema.

"Mjomba, kuna baridi."

"Vua."

Nikavua. Mama aligeuka. Mashine ya hewa upande wa pili iliendelea kupuliza.

"Nani kakulima?" Mjomba aliuliza.

"Mimi mwenyewe."

"Ukiwa umelowesha?"

"Ndiyo."

Akaanza kucheka. Kicheko kikageuka kikohozi, kikohozi kikarudi kuwa kicheko, na muuguzi akasikika akimwambia apumzike. "Nywele mbichi ni waongo," alisema alipopata pumzi. "Zikatwe kavu. Na usilaze mkasi. Usimamishe, ncha zielekee juu, uzile nywele kidogo kidogo. Siyo kukata kama mtu anayekata karatasi. Aibu gani hii. Watu wataniuliza nani kinyozi wako."

"Ni mwezi wa kwanza," Mama alisema. Hakupaza sauti. "Tarehe ishirini na sita. Amekata mwezi wa kwanza, Dehou, na wewe uko hapo ulipo. Ukifa..." Hakumaliza.

"Dada."

"Usiniite Dada. Wewe unajua."

"Najua." Mjomba alifumba macho kidogo. "Yun, mama yako hajakwambia. Nikiwa na miaka kumi na sita nilikuwa najifunza kazi. Mwezi wa kwanza hakuna wateja, mikono inaniwasha. Nikamkamata dada yangu nikamkata yeye. Nilimkata vibaya, siyo vibaya hivi, lakini vibaya. Siku nne baadaye mjomba wetu akaanguka kwenye daraja, akafa."

Nilimtazama Mama. Alikuwa anatazama simu.

"Alikuwa amelewa, Dada," alisema Mjomba. "Alikuwa amelewa tangu mkesha wa mwaka mpya. Daraja lenyewe halikuwa na kingo. Kila mtu kijijini alijua ataanguka, walikuwa wanabishana siku tu. Miaka hamsini nakwambia."

"Ilikuwa siku nne," Mama alisema.

"Siku nne baada ya nywele. Na siku ishirini baada ya kuanza chupa. Mbona hesabu unaanzia kwenye mkasi wangu?"

Mjomba aliniambia niinamishe kichwa, nigeuke kushoto, nigeuke kulia. Akasema pembeni panatengenezeka, mbele pasubiri kuota. "Tarehe mbili nitakuwa sijatoka bado," alisema. "Usiguse tena mpaka nije." Kisha muuguzi akachukua simu.

Mama aliingia jikoni. Nilisikia akimimina pipa la mchele lote kwenye beseni, akihesabu mikasi. Nilimfuata nikamrudishia ule mdogo. Aliupokea, akaufuta kwa leso, akaufunga pamoja na mingine, akaanza kurudisha mchele kikombe kwa kikombe.

"Mama, niambie kitu."

"Mchele umeingia vumbi," alisema. "Kwa sababu yako tutauosha mara tatu."

Mjomba Dehou alifariki tarehe ishirini na nane, mchana, siku mbili baada ya simu ile. Hospitali walitupigia. Mama alisikiliza, akasema asante, akarudia kusema asante, akaweka simu mezani kifudifudi. Hatukuruhusiwa kwenda. Majivu yake tuliyapokea mji ulipofunguliwa, baada ya kupanga mstari pamoja na watu wengine wengi walionyamaza kama sisi.

Nilingoja Mama aseme. Nilijua neno lenyewe, lilikuwa limebaki nusu tangu siku ile ya simu, na kila alipofungua kinywa nilijiandaa. Alifungua kinywa kusema supu imepoa. Alifungua kinywa kusema Mzee Shen ameacha chungwa mlangoni bila kulinyunyizia dawa, mtu mzima hovyo. Ningetaka anipigie kelele. Nilifika mahali nikaanza kuacha vyombo bila kuosha ili apate sababu, naye akaviosha.

Tarehe mbili ya mwezi wa pili niliamka nikakuta kigoda katikati ya sebule, karibu na dirisha, na magazeti yametandazwa chini. Leso ilikuwa mezani, imefunguliwa. Mama alikuwa ameketi, taulo mabegani, nywele zake nyeupe zimechanwa, zimekauka.

"Mama?"

"Leo ni siku yake," alisema. "Angekuwa ameshafungua mlango saa hizi. Kata."

"Mimi sijui kukata. Umeniona kichwa."

"Alikwambia jinsi ya kufanya. Nilikuwepo. Kavu, mkasi usimame."

Nikasimamisha mkasi. Alikaza shingo kama mtoto anayeogopa sindano. Nilikula ncha kidogo kidogo kama nilivyoambiwa. Nywele zilianguka juu ya magazeti, nyepesi sana, hazikuwa na uzito kabisa.

"Upande wa kushoto unakwenda juu," alisema, ingawa hapakuwa na kioo.

"Haujaenda juu."

"Nausikia. Dehou alikuwa anapumzika pale sikioni, wewe unakimbia. Unakimbilia wapi?"

"Basi kaa kimya nisikukate sikio."

"Kata sikio, kata, umebakiza nini." Kisha mabega yakaanza kutikisika chini ya taulo, nami nikashusha mkasi nikangoja. Alilia kwa muda mrefu bila kugeuka. Alipomaliza alijifuta kwa pembe ya taulo, akavuta nywele za kushoto na za kulia kwa vidole, akazilinganisha.

"Nilikwambia upande wa kushoto," alisema.

Duka la Mjomba siku hizi linauza vifuniko vya simu. Mama hajawahi kulimaliza lile neno, nami sijamuuliza. Ninamkata nywele mimi, na yeye ananikata mimi, mara moja kabla ya mwaka kuisha na mara moja tarehe mbili ya mwezi wa pili, zikiwa kavu. Katikati ya siku hizo mikasi inakaa ndani ya mchele.