Mapazia ya Jirani Aliyefungiwa

“…tunapakana ukuta, ukikohoa mimi ndiye ninayekupa pole, halafu unanifungia mtandaoni kama tapeli?”

“Sikukufungia, jirani. Ni simu tu inasumbua.”

“Simu ndiyo iliyofuta komenti yangu? Ina akili hiyo simu, niazime.”

Fundi wa mapazia alikuwa mlangoni pa duka lake, mguu mmoja ndani, mmoja nje, jicho kwenye kioo cha simu. Jirani yake, ambaye mtaa mzima ulimwita Redio kwa sababu habari hailali kwake, alikuwa amejishika kiuno wala hana dalili ya kuondoka.

Chanzo kilikuwa mapazia ya sebuleni kwa Redio. Fundi aliyashona, akayatundika, akayapiga picha hapohapo na kuirusha kwenye ukurasa wa biashara yake. Picha ikapendwa mpaka simu ikapata moto. Kisha Redio akayafua. Chini ya picha ileile akaandika: “Yamepanda kama suruali ya mtu anayevuka mto. Fundi, njoo uone.” Fundi akaifuta, kisha akamfungia Redio asiandike tena kwenye ukurasa huo. Ndivyo alivyofundishwa na shemeji yake, mtaalamu wa kujipachika wa biashara za mtandaoni: komenti mbaya ni mende, ukiiona kanyaga.

“Si ungenigongea tu mlango,” fundi alisema.

“Niligonga. Ulikuwa unajirekodi, ukanipungia mkono nisikuletee kelele.”

Hilo lilikuwa kweli, likamchoma. Akachungulia simu tena. Asubuhi ile mwenye nyumba ya wageni, aliyekuwa akitafuta fundi wa madirisha yote ya jengo lake jipya, alikuwa amemwandikia: “Kazi zako nzuri. Ila nimeupitia ukurasa mzima, kila mtu anasifia tu. Hujawahi kulalamikiwa? Nataka kujua kazi ikiharibika unafanyaje. Naamua leo.”

Tangu hapo hakutulia. Pindo lilelile alishona, akafumua, akashona. Alimpigia shemeji, na shemeji akamshauri atunge mteja wa uongo, amjibu kwa upole, mambo yaishe. Ushauri haukumwingia. Na sasa mteja wa kweli alikuwa mbele yake, mdomo umejaa malalamiko, na yeye anamfukuza.

“Jirani,” alisema, “nikikufungulia, utaiandika tena?”

Redio alimtazama kama anayekagua mgonjwa. “Ile ya suruali?”

“Ileile. Usipunguze.”

“Kupunguza? Nitaongeza.”

Fundi akamfungulia, naye Redio akaandika palepale, akinong’ona kila neno, na mwishoni akatia kwamba ukuta wake sasa unaonyesha magoti. Fundi akaanza kujibu: “Mpendwa mteja, tunasikitika…” Akafuta. Yalikuwa maneno ya benki hayo. Akaandika: “Ni kweli, jirani. Sikukiloweka kitambaa kabla ya kukata, nilikuwa na haraka ya picha. Kosa ni langu. Nakuja sasa hivi kupima, nakushonea mengine.” Akabonyeza kabla roho haijamgeuka, akachukua tepu yake.

Kule sebuleni kwa Redio alipanda juu ya stuli, lakini mkono mmoja ukawa unapima, mwingine umeshika simu. Simu haikutulia. Watu walikuwa wanacheka. Mmoja aliuliza kama huo ukuta una soksi. Mwingine akasema naye yake yalipanda ila aliona haya kusema. Fundi akamjibu huyo kwanza: ayalete. Vipimo vikampotea, akaanza upya.

“Unapima dirisha au unapima simu?” Redio aliuliza kutoka jikoni.

Ndipo mwenye nyumba ya wageni akaandika: “Nimeona. Vitambaa vyangu utaviloweka?”

“Vyote. Na picha tutapiga baada ya kufua.”

Ile alama ya mtu anayeandika ikatokea, ikapotea, ikarudi. Fundi akajikuta ameshika pazia kama anayeogopa kudondoka.

“Basi njoo kesho, tupime.”

Pumzi zikamtoka, na papo hapo wasiwasi mwingine ukaingia: jengo zima, cherehani moja, vitambaa vyote hivyo ataviloweka kwenye nini. Akiwa bado juu ya stuli, tayari alikuwa ananyoosha mguu kuvitafuta viatu vyake.

“Unakwenda wapi tena?” Redio alikuwa ametokeza na sahani mbili. “Mapazia yangu yamekwisha kufupika, hayatazidi kwa leo. Shuka, uiache hiyo simu hapo juu ya stuli, unawe mikono. Karibu mezani, tule.”